Mwalimu Alikosea Mlango

"Afraid with the dark?"

"Afraid of, Yuliana. Hofu inakwenda na 'of'."

Yuliana akacheka. Yeye ni nesi, anaishi Mkomaindo, mjini Masasi. Mwalimu wake Adolf, mtu wa Bukoba, anafundisha Kiingereza Newala. Kila jioni alimwandaa kwa simu kwa ajili ya usaili wa kazi Dodoma. Lakini jamani, sauti ile! Yuliana akifumba macho aliuona ukungu wa bonde la Ruvuma, akasikia na harufu ya maua ya mikorosho. Alitamani somo lisiishe.

"Haya, tumia 'tired'."

"I am tired of waiting."

"Safi kabisa!"

"Na 'angry'? Ni 'at' au 'with'?"

"Ukimkasirikia mtu, sema 'with'."

"Basi I am angry with you, Adolf! Kesho kutwa naondoka, na hata mshenga hujaleta!"

Sauti ya Adolf ikawa nzito.

"Mshenga wangu alikuja kwenu msimu wa korosho uliopita. Baba yako akasema 'tumesikia', basi. Nikajua nimekataliwa. Nikaona angalau nikusaidie uende."

"Ulimtuma kwa baba?"

"Kwani posa inapelekwa kwa nani?"

"Mungu wangu! Adolf, sisi Wamakonde binti anaozwa na mjomba! Baba hana kauli. Angeipeleka posa kwa mjomba mwenyewe, ukoo wa mama ungesema anauza mtoto wa watu. Na mjomba Fortunatus yuko hapo hapo Newala, nyuma ya soko!"

"Mzee Fortunatus? Huyo ndiye anayeniuzia maji! Kila siku namwamkia!"

Yuliana alicheka huku machozi yakimtoka. Alimpenda mjinga huyu.

Asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna mwalimu hapa na mshenga wake. Mteja wangu huyu. Unamfahamu?"

"Namfahamu, mjomba."

"Unamtaka?"

"Namtaka."

"Basi nenda Dodoma kwenye usaili wako. Ukirudi, utakuta tumeshapanga siku."

Hajakaa sawa, ujumbe ukaingia kutoka kwa Adolf: "Swali la mwisho. Married: 'with' au 'to'?"

Yuliana akaandika: "To, mwalimu. Married to you."