Ulimi wa Doria

Kwa Ignas, milimani juu ya kijiji cha Mlali, mbwa wake Doria hulala bustanini. Bila yeye, nguruwe pori wangemaliza kabichi zote. Ignas akijikata na jembe, humwita Doria amlambe kidonda. Babu yake alifanya hivyo, basi huwezi kumwambia kitu.

Safari hii alijikata kidole. Doria akalamba. Baada ya siku chache, homa ikampanda. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia.

"Malaria tu hii," alisema.

Mkewe Scholastika alikataa. Alimpeleka hospitali mjini. Njiani Ignas akamshika mkono.

"Mama Rehema, habari za mbwa usiseme. Watasema ana kichaa, watamuua."

Scholastika akaahidi.

Hospitali walimpima malaria. Hana. Ngozi yake ikaanza kutoka madoa meusi. Maneno yake yakawa hayaeleweki. Scholastika aliogopa, aliogopa kweli.

Daktari Mwanvita aliona kovu refu tumboni.

"Alipasuliwa nini, mama?"

"Alianguka na pikipiki zamani. Wakamtoa bandama."

Daktari akakunja uso. "Bandama husaidia mwili kupigana na vijidudu. Asiye nayo huzidiwa upesi. Mnafuga nini nyumbani? Ameumwa na mnyama? Amelambwa?"

Scholastika akamtazama mumewe. Midomo yake ilikuwa imekauka. Akilinda ahadi, atamzika.

"Mbwa wetu alimlamba kidonda," akasema, akalia. "Nisamehe, Baba Rehema."

"Umemsaidia sana," alisema daktari. "Hata mbwa mzima ana vijidudu mdomoni. Ni nadra kumdhuru mtu, lakini vikiingia kwenye damu vinaweza kuua. Damu yake tutaipeleka maabara wavioteshe vijidudu hivyo viongezeke, wavitambue. Sindano tunaanza sasa hivi, hatusubiri majibu. Mbwa amechanjwa kichaa?"

"Mwaka huu."

"Basi mfungeni, bwana mifugo amwangalie. Hakuna wa kumuua."

Majibu yalipotoka, daktari hakuwa amekosea. Ignas alipona, ila ncha ya kidole ilioza, ikakatwa.

Msimu wa karoti, jembe likamkata tena. Doria akaja mbio, ulimi nje. Ignas akaficha mkono mgongoni.

"We linda kabichi! Mama Rehema, sabuni!"

Scholastika alimmiminia maji, kidonda kikaoshwa vizuri. Kisha wakateremka zahanati. Muuguzi hakupata hata nafasi ya kuuliza.

"Shikamoo, mama," alisema Ignas. "Mimi sina bandama, na nyumbani nina mbwa."