Unga wa Shangazi na Viatu vya Shule

Kila asubuhi Mapua alipiga mswaki akiwa amekunja uso. Maji ya kisima cha mtaa wao yalinuka ngozi iliyooza, kwa sababu ya kiwanda cha ngozi kilichokuwa jirani. Kaka zake walimpa jina la Mapua kwa kuwa hakuna harufu iliyompita.

Shangazi yake, mkemia, alikuwa ametengeneza unga mweupe wa kuondoa uvundo huo. Ulikuwa wa fuwele zenye vitundu vingi, na ndani ya vitundu mlikuwa na molekuli zenye umbo la pete. Kila pete hunasa molekuli moja ya uvundo na kuikumbatia. Siku moja mhandisi wa maji alitarajiwa kuja kuujaribu. Ukifanya kazi, kisima kingewekewa chujio.

Mapua naye alikuwa na uvundo wake. Viatu vyake vya shule vilinuka hata paka akavikimbia, na uvivu wa kuviosha ulikuwa umemkaa mwilini. Usiku uliotangulia alichukua chupa ya unga, akaumimina wote viatuni. Asubuhi havikunuka tena. Akaukung'uta, akaurudisha chupani, akaona hakuna kilichoharibika.

Mhandisi alipofika, Shangazi alikoroga unga katika gilasi ya maji ya kisima, akayachuja na kumpa anuse. Mhandisi alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Uvundo wa ngozi ulikuwa palepale, na sasa ulikuwa umechanganyika na wa soksi. Akaanza kufunga mkoba wake.

Mapua aliona tumaini la chujio likiondoka na mkoba ule.

“Shangazi, unga niliutia viatuni mwangu.”

“Vyote viwili?”

“Vyote.”

Mhandisi alikwenda dirishani kutema mate.

“Kila pete ni chumba cha mgeni mmoja,” Shangazi alisema. “Umejaza vyumba vyote jasho la miguu. Uvundo wa kisima ungelala wapi?”

Akamwomba mhandisi arudi jioni. Mapua aliuosha unga kwa spiriti, tena na tena, huku kinyaa cha miguu yake mwenyewe kikimpanda kooni. Kisha Shangazi akaukausha kwenye tanuri, ili wageni waliosalia watoke.

Jioni mhandisi aliinusa gilasi ya pili kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha akauliza chujio liwekwe upande gani wa kisima.

“Ungenyamaza, ningedhani unga ni mbovu, ningeutupa,” Shangazi alimwambia Mapua baadaye. “Ukikosea, sema mapema, kosa lirekebishike. Sasa chukua sabuni. Anza na viatu, umalizie na miguu.”