Msumari wa Mama

Kisa hiki nilisimuliwa na mwanamke anayenifulia mashuka, msimu huu huu wa mvua, siku nguo zilipokataa kukauka tukakaa barazani kuzingoja. Yeye sasa ni mama wa watoto wakubwa. Wakati wa mambo haya alikuwa msichana wa darasa la sita, na watu walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Nawaandikia ninyi wajukuu zangu kama alivyonieleza. Si kisa cha kuchekesha, ila someni mpaka mwisho.

Chiriku aliishi na mama yake na mdogo wake mchanga katika chumba kimoja chenye dirisha la uani. Baba yake alikuwa mwashi, amekwenda kujenga mji mwingine, na kurudi kwake kulikuwa kwa nadra. Kila asubuhi mama alichemsha chai, akamfunga Chiriku vifungo vya mgongoni, akamwacha mtoto kwa jirani, kisha akaenda kazini kwa dobi, mahali walipofua na kupiga pasi nguo za hospitali. Chiriku akitoka shule alipitia huko huko. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango akifanya hesabu zake, na mama akimaliza wakarudi nyumbani pamoja.

Nyumba ya dobi ilikuwa chumba kirefu chenye joto. Upande mmoja palikuwa na makarai ya kulowekea, upande wa pili meza za kupigia pasi, na mwisho kabisa tangi kubwa la maji ya moto lililokoroma mchana kutwa. Ukutani karibu na mlango kulikuwa na misumari, kila mfanyakazi na wake.

Misumari hiyo ilikuwa na habari yake. Zamani wanawake wawili waligombana kwa jambo la nyumbani, pasi ya moto ikiwa mkononi mwa mmoja, na mwenzake akabaki na kovu la maisha. Tangu hapo msimamizi wao akaweka sheria. Msimamizi huyo walimwita Bi Mnyoofu, kwa sababu alitaka kila kitu kinyooke: mashuka, migongo, hata nyuso za watu. Ukiingia asubuhi unavua mtandio wako na kuuning'iniza msumarini.

"Na mambo ya nyumbani yaning'inize hapo hapo," Bi Mnyoofu alisema. "Jioni utayakuta. Hakuna atakayekuibia."

Wanawake walicheka, wakaning'iniza, wakafanya kazi.

Halafu mdogo wake Chiriku akafa. Alikuwa mtoto wa kunyonya, hata jino hajaota. Homa ilimshika Jumapili, na kabla ya Jumapili nyingine walikuwa wamekwisha kumzika. Baba alikuja, akakaa na kichwa chake mikononi, akarudi kwenye ujenzi. Mama akarudi kwa dobi.

Bi Mnyoofu alimpa mkono mlangoni. "Pole sana, Mama Chiriku. Mungu akutie nguvu." Hakuwa mtu mbaya, mkono wake ulikuwa wa moto na aliushika wa mwenzake kwa muda. Kisha macho yake yakaenda kwenye msumari. Mama akavua mtandio, akauning'iniza.

Tangu siku hiyo Chiriku hakumwona mama yake akilia. Kazini hakulia, na nyumbani pia hakulia. Aliosha vyombo, akafagia, akakunja nguo, yote kimya kimya. Chiriku akianza kusema, "Mama, unakumbuka mtoto alivyokuwa akishika sikio langu..." mama alijibu neno moja tu: "Kula." Hata kama chakula kilikuwa kimekwisha.

Basi Chiriku naye akajifunza kumeza maneno. Shuleni mwalimu aliuliza kama anaumwa. Kwa dobi aliyegundua ni Breki, msukuma mkokoteni aliyeleta mafurushi machafu kutoka hospitali na kurudisha masafi. Walimwita Breki kwa sababu mkokoteni wake haukuwa nayo, na mdomo wake pia haukuwa nayo.

"Wewe Chiriku, leo umemeza kufuli?" alimtania. "Na ufunguo umemwachia nani?"

Chiriku alitazama hesabu zake. Breki akasimama kidogo, akakuna kidevu, akaondoka akiimba kwa sauti ya chini.

Sasa nisikilizeni vizuri. Meza ya mama ndiyo iliyopokea nguo za wodi ya wazazi. Humo mlikuwa na vishuka vya watoto wachanga, vyeupe, vidogo kama mtandio. Yule mtoto wake mwenyewe alizaliwa katika wodi hiyo, akafungwa katika kishuka kama hivyo. Na sasa kila siku mama aliletewa rundo lake. Akiguse, akinyooshe, akikunje mara mbili, akipapase. Kisha kingine.

Alasiri moja Chiriku aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Akamwona mama anatazama kulia na kushoto. Mama akachukua rundo lote la vishuka, akalificha chini ya mkono, akaenda nyuma ya tangi kama mtu anayekwenda kuangalia maji. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu. Akachukua shuka kubwa, akaendelea na pasi.

Kesho yake akafanya vile vile. Na kesho yake tena.

Ijumaa nesi wa wodi ya wazazi akaja mwenyewe, kofia imeinama upande kwa hasira. "Bi, vishuka vyangu viko wapi? Natuma vingi, vinarudi viwili vitatu! Jana mtoto wa watu amezaliwa tukamfunika kwa foronya. Foronya! Kama havikurudi, nguo zetu tutapeleka kwa dobi mwingine."

Pasi zote zilisimama. Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Nguo za hospitali zikiondoka, hapakuwa na kazi nyingine ya kuwatosha.

Bi Mnyoofu alimgeukia Breki. "Wewe ndiye unayebeba. Kati ya hapa na hospitali hakuna mtu mwingine."

"Mimi, Bi?" Breki alijaribu kucheka. "Vishuka hivyo nivifanyie nini? Nijifutie pua?"

Hakuna aliyecheka.

"Weka kamba chini," Bi Mnyoofu alisema. "Utoke. Usirudi hapa mpaka vishuka virudi."

Breki alizitazama nyuso za wanawake moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa. Mama Pacha, aliyefanya kazi meza ya pili, alitazama chini. Mama yake Chiriku hakuinua kichwa kabisa. Pasi yake ilikuwa imesimama pale pale juu ya shuka, na harufu ya kuungua ilianza kupanda. Breki akaweka kamba ya mkokoteni sakafuni, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Akatoka.

Njiani kurudi nyumbani Chiriku alishindwa kuvumilia. "Mama, Breki hakuiba."

"Nani amekuambia?"

"Niliona. Nyuma ya tangi."

Mama akasimama katikati ya njia. Watu wakawapita huku na huku. Mkono wake uliinuka, Chiriku akafumba macho, lakini kofi halikuja. "Nyamaza," mama alisema. "Nyamaza tu, mwanangu."

Nyumbani chakula kiliwekwa. Chiriku hakugusa.

"Kula."

"Sili!" Sauti ilimtoka kwa nguvu hata yeye mwenyewe akashtuka. "Kila siku kula, nyamaza, kula, nyamaza! Alikuwa mdogo wangu! Wewe una msumari wako kazini. Mimi msumari wangu uko wapi?"

Mama aliketi sakafuni. Akasema, macho kwenye sakafu, "Nikivishika vile vishuka, naona kama namkunja yeye. Kila siku namkunja, namweka juu ya meza. Sikutaka watoto wa watu wakose cha kujifunika. Sikutaka Breki apate shida. Nilitaka tu nisivione."

"Ungemwambia Bi Mnyoofu."

"Nimwambie nini? Kazi ni kazi." Akafuta uso wake, ingawa ulikuwa mkavu. "Mtu akilia kazini ataonekana hawezi. Na asiyeweza ataletewa mwingine mahali pake. Tutakula nini, wewe na mimi?"

Chiriku alisogea tu, akaketi karibu naye sakafuni, na chakula kikapoa.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, hakuna shule. Wakaenda pamoja. Wanawake walikuwa wanawasha pasi, na mkokoteni ulikuwa umeegemea ukuta bila mtu. Mama aliingia mlangoni, akaupita msumari wake, mtandio ukiwa bado mabegani.

"Mama Chiriku," Bi Mnyoofu aliita, "mtandio."

"Leo siuning'inizi, Bi."

"Naona. Nauliza kwa nini."

"Kwa sababu yaliyomo ni mazito. Msumari hauyabebi."

Akaenda nyuma ya tangi, akarudi akiburuta gunia. Alilifungua mbele ya wote. Vishuka vilikuwa vimeshika unyevu, na baadhi vimeota madoa meusi ya ukungu.

"Breki hakuiba. Ni mimi," alisema. Alitaka kueleza zaidi, lakini alipofika kwenye neno "mtoto" sauti ikakatika, na kilio alichokuwa amekizuia tangu maziko kikatoka chote. Chiriku anasema hajawahi kusikia sauti kama ile. Mama Pacha alisimamisha pasi yake, akaja kumshika mabega, naye analia.

Bi Mnyoofu alikuwa amekasirika, na nitawaambia ukweli, alikuwa na haki ya kukasirika. "Umefukuzisha mtu asiye na kosa! Umetaka kutukosesha kazi sote! Ungeniambia tu, ningekupa mashuka makubwa, vishuka nikampa mwingine. Ni jambo la neno moja!"

"Ningekuambia saa ngapi, Bi?" mama alisema katikati ya kilio. "Mtu akiingia hapa, mlango wenyewe unamwambia nyamaza."

Maji yalikuwa yanakoroma kwenye tangi. Bi Mnyoofu alitazama misumari yake ukutani, mmoja mmoja, na mitandio iliyoning'inia pale.

"Mama Pacha," alisema mwishowe kwa sauti iliyoshuka, "vishuka vya wodi ya wazazi kuanzia leo ni vyako. Mama Chiriku atachukua mashuka ya wanaume. Hivi vyote virudi kwenye maji."

Walivichemsha, wakavisugua, wakavianika juani. Madoa mengine yalitoka, mengine hayakutoka. Bi Mnyoofu alivipeleka hospitali mwenyewe, akasimama mbele ya nesi na kukiri kosa la nyumba yake. Nesi alinuna, akavipokea, na nguo hazikuhamishwa.

Mama alikwenda kumtafuta Breki, Chiriku akimfuata nyuma. Walimkuta anapakia mchanga kwa koleo, shati limelowa. Mama alimweleza kila kitu bila kujitetea, akamwomba radhi. Breki aliegemea koleo.

"Ungesema, dada yangu," alijibu. "Mimi ningewaambia hospitali wakupe mapumziko ya vishuka. Ningekutania mpaka ucheke." Lakini yeye mwenyewe hakucheka. Jumatatu alirudi kwenye mkokoteni wake. Kazi ilirudi, mizaha haikurudi. Miezi ilipita kabla Chiriku hajamsikia akiimba tena, na hata hapo hakuimba kama zamani.

Jumamosi ile ile ya gunia, kabla hawajaondoka kazini, Bi Mnyoofu aliketi kwenye benchi kando ya Chiriku. Benchi likalia.

"Sikiliza, mwanangu, maana nawe utafanya kazi siku moja," alisema. "Kazini huwezi kuwamwagia wenzako hasira na huzuni zako kama maji machafu. Hilo sijalibadilisha, na kovu la yule mwenzetu lipo. Lakini nilikosea. Nilidhani mtu akinyamaza, yamekwisha. Hayaishi. Usipoyasema kwa mdomo, mikono yako itayasema kwa njia yake, na anayeumia atakuwa mtu asiyehusika. Jambo likikuzidi, mfuate anayekusimamia, mkae pembeni, umwambie mapema kwa maneno ya kawaida: hili siliwezi leo. Na anayekusimamia, kazi yake ni kusikiliza. Kazi yangu, yaani."

Misumari hakuing'oa. Ila tangu wiki ile alisimama mlangoni kila asubuhi, na mtu akiamkiwa akajibu "salama", Bi Mnyoofu alimuuliza, "Salama ya mdomoni, au ya kweli?" Wengi walijibu ya kweli, wakaingia. Wachache walisimama naye pembeni kidogo kwanza.

Msidhani mama alipona. Mtoto hakurudi, na mashuka ya wanaume nayo yana uzito wake. Lakini jioni ile ya Jumamosi, waliporudi chumbani, Chiriku alisema tena, kwa woga, "Mama, unakumbuka mtoto alivyokuwa akishika sikio langu?"

Mama hakusema kula. "Akilivuta," alijibu. "Nawe unapiga kelele."

"Nilikuwa naigiza tu. Hakuniumiza."

"Najua."

Walilia wote wawili, wakazungumza, wakalia tena. Giza lilikuwa bado halijaingia sawasawa mama aliposinzia na nguo zake za kazi, mtandio mabegani, mkono wake umelalia kichwa cha Chiriku. Chiriku hakuuondoa ingawa ulikuwa mzito. Alilala akisikiliza majirani wanaosha masufuria uani, akihesabu pumzi za mama yake, mpaka hesabu ikampotea, usingizi ukamchukua.