Mto wa Arobaini na Moja

Asubuhi nyumbani kwetu sufi huelea hewani. Ukifungua mlango, inapaa. Ukiufunga, inashuka polepole juu ya nywele, juu ya chai, juu ya kope za mume wangu aliyesinzia na sindano mkononi. Sisi hushona mito. Mimi nakata vitambaa, yeye anajaza sufi, mama mkwe anafunga mshono wa mwisho. Ukikaa humo saa moja hujui kama uko macho au unaota. Mimi mwenyewe nimewahi kuusalimia mto.

Jumanne moja dereva anayetupelekea mizigo alirudisha magunia yetu ya mito. Hata gari hakuzima.

"Yamekataliwa mpakani," alisema. "Sheria mpya zimeanza. Karatasi yenu inasema mito arobaini. Wamehesabu arobaini na moja."

Mito ile ilikuwa ya nyumba ya wageni ng'ambo ya mpaka, iliyokuwa ifunguliwe Jumamosi hiyo. Mwenye nyumba hiyo ndiye mteja wetu mkubwa. Alishasema wazi kwamba mito isipofika, atatafuta washonaji wengine.

Nikamgeukia mama mkwe. Akaangalia dari.

"Mama, umeweka tena?"

"Nimeweka. Kama kawaida yangu."

Kawaida yake ni hii: kila mzigo unapoondoka, huchomeka mto mdogo katikati, zawadi ya mtoto wa mnunuzi. Haambii mtu. Zamani mpakani waliangalia magunia kwa nje tu, basi.

Nikamwita jirani yetu, wakala wa forodha. Kazi yake ni kuwasaidia watu kuvusha mizigo mpakani, nasi tunamwita Bwana Mihuri. Alipoketi, sufi ikatua kwenye upara wake. Hakuna aliyemwambia.

"Zawadi nayo ni mzigo," alisema. "Andikeni kila kitu: ni nini, ni ngapi, kimetengenezwa kwa kitu gani, kina thamani gani. Hata kisichouzwa kina thamani."

"Na sufi yenyewe?" mume wangu aliuliza.

"Sufi inatoka kwenye mti. Huenda wakataka cheti cha ukaguzi wa mimea. Huenda wakataka pia cheti cha asili, cha kuonyesha kwamba mito imetengenezwa hapa. Msikisie. Ulizeni ofisi ya forodha kabla ya kufunga gunia. Kisha karatasi zitangulie, mzigo ufuate."

"Nilisikia redioni kwamba sheria zinabadilika," nilikiri kwa aibu. "Nikadhani ni za wenye malori makubwa."

"Wengi hudhani hivyo, shemeji."

Mama mkwe alikuwa amenuna. Alikwisha kuuchomoa ule mto mdogo, ameupakata.

"Zawadi ikiandikwa imekuwa biashara," alisema. "Bora ibaki hapa."

"Usiiondoe mzigoni, mama," Bwana Mihuri akamwambia taratibu. "Iandike wewe mwenyewe."

Mama mkwe alianza kusoma darasa la watu wazima mwaka jana. Alishika kalamu kama anavyoshika sindano. Tulingoja, sufi ikishuka kimya juu ya meza. Akaandika: *Mto mdogo wa mtoto. Mmoja. Zawadi, hauuzwi.* Bwana Mihuri akamsaidia kujaza thamani.

Jumatano nilipiga simu forodha, wakanitajia vile vyeti viwili. Nikavifuatilia mpaka nikavipata, na siku ya pili karatasi zikatangulia. Jioni yake mzigo ukaondoka.

Ijumaa dereva alipiga simu. "Wamehesabu arobaini na moja, na karatasi inasema arobaini na moja. Tumepita. Yule ofisa alisoma mstari wa mwisho mara mbili, akauliza nani kauandika."

Mume wangu alicheka mpaka sindano ikamdondoka.

Mteja tunaye mpaka leo, na hatufungi gunia kabla ya kuuliza. Lakini siku ile mama mkwe hakuuliza habari za mteja. Aliomba nakala ya ile karatasi, akaketi nayo karibu na dirisha, kidole chini ya kila neno.

"Miaka yote hii natoa," alisema, "na hakuna aliyejua ni mimi."