Zamu ya Koplo Twiga

Nilitumwa kuchukua nguo. Basi. Kombati mbili, blanketi moja na jozi ya buti ambazo koplo wangu aliziacha nyumbani kwa mama yake alipokwenda likizo. Koplo huyo alikuwa ameandikwa mtoro, na mtoro haachiwi mali ya jeshi. Karani wa kambi alinipa fomu, nikaikunja na kuitia mfukoni.

Aliyemwandika mtoro ni mimi.

Gari lilipata pancha njiani, kwa hiyo tulifika jua linazama. Dereva wangu, askari mkimya aliyehamia kwetu juzijuzi tu, aliegesha kando ya barabara nami nikashuka peke yangu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo aliniona nikielekea nyumba ya mwisho, ile yenye dirisha la vioo viwili.

"Unakwenda kwa fundi cherehani?" aliuliza.

"Ndiyo."

Alikusanya nguo zake kifuani, hata zile mbichi. "Fanya haraka utoke. Yule mama kamfuga mwanawe. Kila jioni tunamwona."

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Lazima nieleze kwanza yule koplo alikuwa nani. Tulimwita Twiga kwa urefu wake. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba mvua ikinyesha humlowesha yeye kwanza, sisi baadaye. Mimi nilikuwa luteni mpya, miezi minne tu tangu nitoke chuoni, na chini yangu walikuwa watu ishirini na nane. Tulipewa daraja tulilinde. Juu ya daraja kulikuwa na kilima chenye jiwe kubwa, nikampandisha Twiga pale awe macho yetu. Nilimpa redio, chupa mbili za maji na daftari la zamu. Nikamwambia, kwa ile sauti tuliyofundishwa ya kuwatisha watu, "Usitoke hapo mpaka nikuite mimi mwenyewe. Umeelewa?"

"Ndiyo, afande."

Walitushambulia asubuhi ya siku ya pili. Walikuwa wengi mno. Redio ya Twiga haikujibu, na mimi nilikuwa natetemeka kiasi kwamba sikukumbuka kujaribu mara ya pili. Niliamuru watu wapande malori. Sajini wangu, mtu mzima aliyekula chumvi nyingi jeshini, alinishika mkono.

"Afande, tuhesabu kwanza."

"Tutahesabu mbele!"

Tulipofika mbele tulihesabu. Ishirini na saba.

"Nipe watu wanne nirudi," sajini alisema.

Nilikataa. Kapteni alipouliza kwenye redio kama kuna aliyebaki, nilijibu kwamba koplo mmoja aliacha lindo lake kabla ya mapigano. Sajini alikuwa amesimama hapo hapo. Tangu siku ile hakuniambia neno lingine zaidi ya "ndiyo, afande."

Na jambo ambalo sikumwambia kapteni ni hili. Malori yalipokuwa yanaondoka, nilisikia risasi kutoka kilimani. Moja... moja... moja. Risasi za mtu anayelenga. Mtu aliyekuwa akiwazuia wale wasituandame.

Miezi miwili baadaye, nilibisha hodi kwa mama yake.

Mlio wa cherehani ulinyamaza.

"Pita, afande. Umechelewa."

Alikuwa mwanamke mwembamba, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Pembeni kulikuwa na rundo la sare za shule ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Nilipotoa fomu, alinionyesha kiti.

"Nguo nimezifua. Keti kwanza. Anakaribia kufika."

"Nani, mama?"

Alizima taa ya cherehani.

Ndipo nilipoanza kusikia harufu. Mafuta ya bunduki, kwanza. Halafu udongo wenye majimaji. Halafu kitu kingine chini yake, kitamu kidogo, kama kidonda kilichofungwa muda mrefu bila kubadilishwa kitambaa.

Nje, kokoto zililia.

Krr... Krr... Krr...

Hatua za mtu anayeburuta mguu mmoja. Zilizunguka nyumba polepole, zikafika dirishani, zikasimama.

Mgongo.

Mgongo wa mtu mrefu uliziba vioo vyote viwili. Kichwa sikukiona, kilipita juu ya fremu. Niliona mabega tu, na mkanda wa bunduki.

Kijasho chembamba kilinitoka.

"Hajawahi kugeuka," mama alinong'ona. "Kila siku nikimwambia mwanangu ingia ndani, ananijibu, 'Bado, mama. Afande hajaniita.' Majirani wananiita mchawi. Wanasema nimemfunga. Mimi ningemfungaje mtoto niliyemzaa? Aliyemfunga ni mwingine. Leo amekuja na fomu."

"Mama, mimi..."

"Mwite."

Nilijaribu. Sauti ilitoka kama ya paka. "Twiga... njoo."

Mgongo haukutikisika.

"Hivyo unamwita nani?" mama aliuliza. "Mtoro au askari wako?"

Hapo kitu kilinikatika ndani. Nilipiga magoti kwenye vipande vya nyuzi na vitambaa, nikamwambia yote. Redio. Malori. Hesabu. Zile risasi za moja moja. Nilimwambia, "Mama, mwanao hakutoroka. Mimi ndiye niliyekimbia. Yeye nilimwacha, halafu nikamwandika jina baya ili langu libaki safi."

Hakulia. Hakunipiga, ingawa mkasi ulikuwa karibu na mkono wake na mimi niliuona. Alivuta pumzi ndefu mara moja.

"Sasa mwambie yeye," alisema.

Nilisimama. Niliweka miguu pamoja na mikono ubavuni, kama gwaride. Machozi yalikuwa yananiingia mdomoni.

"Koplo Twiga! Zamu yako imeisha. Mimi mwenyewe nakuita. Ondoka hapo."

Bega moja likasogea.

Alikuwa anageuka...

Nilifumba macho. Naam, nilifumba. Aliyebaki chini ya risasi kwa ajili yangu aligeuka anitazame, na mimi sikuweza hata kumpa macho yangu. Nilisikia kioo kikitetema kwenye fremu. Harufu ile ikanijaa kooni. Halafu, karibu na sikio langu la kushoto, ndani ya chumba, sauti ndogo, kavu, ya mtu asiyekunywa maji siku nyingi:

"Wote walitoka salama, afande?"

Miezi yote niliyokuwa kamanda, hilo ndilo swali ambalo sikuwahi kuuliza.

"Wote," nilijibu. "Wote, Twiga. Isipokuwa wewe."

Nilipofumbua macho dirisha lilikuwa na mwanga wa mwisho wa jioni tu, na mama alikuwa amewasha taa yake. Alinikabidhi furushi: kombati zimepigwa pasi, blanketi limekunjwa vizuri, buti zimefungwa pamoja kwa kamba zake.

"Mali ya jeshi," alisema. "Chukua. Na usinipe pole. Sitaipokea."

Dereva alikuwa nje ya gari, kashika spana kama mtu anayesubiri ugomvi.

"Afande, yule mrefu uliyetoka naye mlangoni ameelekea wapi?"

"Nilitoka peke yangu."

Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akaingia kwenye gari bila kuuliza tena.

Asubuhi nilikwenda kwa kapteni na kumwambia ukweli, nikauandika na kutia sahihi. Alisoma mara mbili. Alisema nimejimaliza mwenyewe, na kweli. Nyota zangu zilivuliwa mwezi uliofuata. Sajini aliposikia alikuja hadi mlangoni kwangu, akasema, "Ungenipa watu wanne tu." Akaondoka. Hiyo ndiyo adhabu niliyoisikia.

Lakini kabla sijavuliwa nyota, wenzetu walilikomboa daraja, na kapteni alinichukua mimi na sajini twende tukamtafute. Twiga alikuwa nyuma ya jiwe lake. Alikuwa ameketi, uso kuelekea barabara tuliyokimbilia. Paja lilikuwa limefungwa kwa mkanda wake mwenyewe. Daktari wa jeshi alimchunguza muda mrefu, kisha akanisogeza pembeni.

"Luteni, huyu hakufa siku ya mapigano. Hata wiki ile hakufa. Jeraha lilikuwa limeanza kufunga na kuoza tena."

Daftari la zamu lilikuwa mapajani. Kapteni alilifungua, nami nikasoma begani kwake. Kila jioni Twiga alikuwa ameandika ripoti yake, kwa herufi zake ndefundefu. *Siku ya tatu. Adui darajani. Redio imekufa. Nasubiri.* *Siku ya sita. Maji yameisha. Nimelamba umande kwenye jiwe. Nasubiri.* *Siku ya tisa. Nimesikia gari, si letu. Nasubiri.* Siku ya kumi na moja aliandika neno moja tu, na herufi zilikuwa zimepinda kama za mtoto.

Siku kumi na moja. Tulikuwa mwendo wa saa tatu kutoka pale. Mimi nilikuwa nakula, naoga, nalala kitandani.

Kapteni alifunua ukurasa uliofuata. Mtupu. Akafunua mwingine. Mtupu. Alikuwa anataka kulifunga, mkono wake ukasimama.

Katikati ya ukurasa wa tatu kulikuwa na mstari mmoja. Herufi zimenyooka, ndefu, imara, za mtu mwenye nguvu zake. Juu yake palikuwa na tarehe.

Ilikuwa tarehe ya jioni ile niliyokwenda kuchukua nguo.

"Nani ameandika hapa?" kapteni aliuliza. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Huyu alikuwa ameshakufa karibu miezi miwili."

Daktari alitikisa kichwa. Sajini alivua kofia. Mpaka leo hakuna aliyejibu. Daftari lilipelekwa makao makuu. Nilipoulizia, niliambiwa halionekani kwenye orodha.

Tulimzika Twiga kwa heshima zote, na jina lake likasafishwa. Mama yake anashona tena, watu wamerudi. Nilimwandikia barua kuuliza kama mwanawe bado anafika jioni. Alinijibu kwa mkato: hajaonekana kwake tangu siku ile niliyokwenda.

Nilipaswa kushukuru. Lakini mstari ule nimeukariri, na kila jua linapozama naurudia, hasa nikisikia kokoto zikilia nje.

*Luteni ameniita. Naondoka.*

Hakuandika anakwenda kwa nani.