Wiski ya Sajini Ilivyochukua Macho ya Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na tatu, mimi ni mama ya Mwende na mdogo wake, na naishi Chaani, hapa Changamwe. Mkiniona nacheka sokoni msidhani niko sawa. Nimechoka jamani... nimechoka!

Mume wangu, Mutua, alikuwa mwanajeshi, koplo. Alipostaafu nilimshukuru Mungu mpaka sauti ikanikauka. Hatimaye mume wangu ni wangu! Wapi!

Hata hajazoea kulala nyumbani, akaja Sajini Barasa, aliyekuwa mkubwa wake kikosini, na wazo la kufungua kiwanda cha wiski. Wastaafu wanne, godauni moja upande wa Port Reitz, na leseni wakapata. Mimi nilicheka. Wiski? Wanaume waliozoea chai ya kambini?

Lakini haki ya Mungu walifanya kazi! Walisaga mahindi na shayiri, wakavundika, wakachemsha kwenye mtambo wa shaba, kisha wakakilaza kile kinywaji kwenye mapipa ya mbao kikomae. Mutua aliniambia wiski haikimbizwi, inataka miaka. Alikuwa akirudi ananukia nafaka kama mtu aliyetoka posho mili, nami niliipenda harufu ile.

Kitu kimoja tu kilinichoma. Pale godauni waliitana kwa vyeo, na walikuwa na desturi yao: pipa likifunguliwa, wa cheo cha chini ndiye anayeonja kwanza, amesimama wima, wala haulizi swali. Na wa chini alikuwa nani? Mume wangu! Mtu mzima na mvi zake!

Jirani yangu Bi Mwanaisha aliniambia, "Wallahi mwenzangu, huyu wako amestaafu miguu tu. Kichwa bado kiko kambini." Nilinuna, nikamgeuzia mgongo. Sasa natamani ningemsikiliza.

Basi hoteli moja ikaitaka wiski yao kabla mapipa hayajakomaa. Sajini akakosa subira. Akaleta madramu ya spiriti, hakusema ameitoa wapi, akaichanganya na ile changa yao. Siku hiyo Mutua alirudi hana raha. Aliniambia harufu ile si ya nafaka, ni kama ya kile kitu cha kuyeyushia rangi za nyumba.

Nilimshika mikono yote miwili. Nikamwambia, "Baba Mwende, nakuomba, usiionje hiyo. Mwambie hapana!" Akaniahidi atamwambia.

Hakumwambia... Mwenzao mmoja ndiye aliyenisimulia baadaye. Mume wangu alifungua kinywa aseme, Sajini akakaza sauti, "Koplo, onja!" Naye akaitikia, "Ndiyo, afande," akanywa glasi nzima.

Jioni alitapika, kichwa kikimpasuka. Asubuhi akaniuliza, "Mama Mwende, mbona hujafungua dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi! Jua lilikuwa limempiga usoni! Nilipiga mayowe mpaka Bi Mwanaisha akaja bila viatu.

Hospitalini daktari alisema sumu imeunguza mishipa ya macho, na hayatarudi. Huku nyuma Sajini alikuwa amemwaga kila kitu. Dramu hakuna, chupa hakuna. Tena akawa anawaambia watu kwamba Mutua alikunywa kwa ulafi wake. Ulafi! Mtu asiyegusa pombe nje ya ile kazi!

Nilikimbilia polisi. Wakataka mwenyewe aandikishe taarifa. Nilirudi nyumbani nikampigia magoti mume wangu, watoto wakalia, mchungaji naye akamsihi. Alitujibu kwa upole tu kwamba hawezi kumshtaki mkubwa wake. Ametoa amri, yeye ametii, kosa liko wapi?

Niambieni, ningefanya nini? Unapiganaje na mtu anayemlinda aliyemharibu?

Juzi Sajini akaja kutujulia hali, na kichana cha ndizi mkononi. Nilitaka kumfukuza. Lakini Mutua alipoisikia sauti yake mlangoni, alitupa fimbo, akasimama wima, akampigia saluti... ameelekea kabati la vyombo!

Sajini alikuwa nyuma yake. Aliweka ndizi sakafuni akaondoka. Mume wangu akabaki vile vile, mkono kichwani, anangoja aambiwe ashushe.

Nilimwita kwa jina, hakusikia. Nikambembeleza, wapi. Mwisho nikafoka, mimi mkewe, "Koplo, shusha mkono!"

Akashusha.

Nililia siku hiyo kuliko siku ya hospitali. Dada zangu, nawaomba kwa machozi haya, mumeo akirudi kutoka kambini usifurahie kumwona mlangoni tu ukadhani amefika. Kaa naye. Mfundishe kusema hapana, akatae hata wewe ukimwamuru... mfundishe angali anakuona!