Likizo ya Mwalimu Kicheko

Siku shule ilipofungwa, mwalimu wa darasa la kwanza aliingia duka la dawa la karibu na stendi akiwa amevaa tai ya karatasi. Wanafunzi walikuwa wameipaka rangi ya manjano na kumbandikia kolani, naye hakuwa na moyo wa kuivua. Shati lake jeupe lilijaa alama za vidole vidogo. Ndani watu walibanana kwenye kaunta, feni ikizunguka bila kuleta upepo.

"Nikusaidie nini?" akauliza mfamasia, dada mwenye hereni za lulu na nywele zilizosukwa mistari myembamba, uso umechoka.

"Sauti," mwalimu akanong'ona. "Imekwenda likizo kabla yangu."

Foleni nzima ikacheka. Mfamasia akauma mdomo asicheke, akashindwa.

"Imekupotelea wapi?"

"Kwenye kutangaza matokeo. Kina mama walipiga vigelegele, nikaona nisishindwe."

"Haya, mumunya hivi vidonge. Na usiongee mpaka kesho."

"Hiyo siiwezi, daktari. Nipe dawa nyingine."

"Basi kesho uje nikuangalie hilo koo."

Kesho yake alifika, koo limepona kabisa, akasema linazidi kuuma. Mfamasia alijua kuwa ni uongo, akamwangalia kwa tochi hata hivyo, taratibu.

Likizo ikaanza kuwa tamu. Akimaliza zamu, mfamasia alimkuta Ticha wake nje ya duka, viatu vinang'aa. Walitembea, wakacheka, na walipoachana wakapigiana simu.

"Umefika, dawa yangu?"

"Nimefika, Ticha. Umeniacha sasa hivi tu."

"Ndiyo hivyo, nimezidiwa tena. Nimeze ngapi?"

"Lala, mtundu wewe!"

Shuleni watoto walimwita Kicheko, na walimu wenzake vilevile. Sherehe zao zote yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti. Kukiwa na msiba wa mwenzao, yeye ndiye aliyetumwa kuwachangamsha wafiwa. Hakuna aliyewahi kumwona akikosa neno.

Jioni moja walikaa mgahawani, mfamasia katika gauni la bluu alilolinunua kwa ajili yake. Simu ya mfamasia ikaita. Alikuwa kaka yake. Akasikiliza, akakata, akaanza kuzungusha glasi ya juisi mezani.

"Ticha, kuna mwanamume anakuja nyumbani. Baba mdogo ndiye aliyemleta. Wanataka niseme ndiyo."

Mwalimu alifikiria chumba chake cha kupanga, pazia lililofifia, kiti kimoja. Alitaka kumwambia asikubali. Ulimi ukaenda ulikozoea.

"Ana gari?"

"Analo."

"Sasa unangoja nini? Sema ndiyo, dawa yangu, na mimi nipate lifti."

Mfamasia akacheka, kicheko kifupi, akachukua mkoba.

"Kwaheri, Kicheko."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Mwalimu alidhani kwamba mwenzake amekwisha kuchagua, na alikuja pale kumpa taarifa tu. Mfamasia naye alirudi nyumbani akiamini kwamba kwa mwalimu yeye alikuwa mchezo wa likizo tu. Simu za mwalimu hakuzipokea. Ujumbe wake aliusoma wote, akitafuta mstari mmoja usio na mzaha. Hakuupata.

Likizo ikiwa ukingoni, mwalimu akifua mashati uani, simu iliita.

"Ticha?"

"Dawa yangu! Nilijua tu utanikumbuka."

"Jumamosi naolewa. Mshereheshaji wetu anaumwa. Kaka anauliza kama utaweza kutusaidia."

Povu lilimchuruzika mkononi. Alimsikia akivuta pumzi.

"Una la kusema?" mfamasia akauliza, sauti chini kabisa.

"Ninalo," mwalimu akajibu. "Ukumbi una spika nzuri?"

"Zipo," akasema, akakata.

Jumamosi mwalimu alivaa suti ya kuazima, ya kijivu, mikono mifupi kidogo. Hakuwahi kuchekesha kama siku ile. Aliigiza mwendo wa bwana harusi, mashangazi wakalia kwa kucheka. Bwana harusi mwenyewe alimkumbatia.

"Kaka, wewe ni hatari! Bibi harusi alisema ni wewe tu, hataki mwingine."

Bibi harusi alikwenda kurekebisha shela. Mwalimu akamkuta kwenye ujia wa nyuma ya jukwaa, peke yake.

"Hongera," akasema.

"Mshereheshaji hakuwa mgonjwa. Nilimwondoa mimi, nipate sababu ya kukupigia. Kadi zimeshagawiwa, ndugu wameshafika, na bado ningewaacha wote. Nikakuuliza kama una la kusema. Wewe ukaniuliza spika."

Mwalimu alifungua mdomo. Mzaha ulikuja mbio, akaumeza. Akangoja lije neno lingine. Halikuja.

"Nilikuwa…" akaanza.

"Usijisumbue, Kicheko. Sasa hivi hata ukisema, nitafanya nalo nini?"

"Bibi harusi, keki!" shangazi akaita. Bibi harusi akakusanya gauni lake kwa mikono miwili, akampita bila kumgusa.

Ukumbini watu walianza kupiga meza. "Kicheko! Kicheko!"

Mwalimu alijifuta uso kwa mkono wa suti, akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti. Midomo ilikuwa ikimtetemeka. Kabla hajatamka neno, ukumbi mzima ulikuwa umeshaanza kucheka.